Msamaha wa Malinda

Saloma hakuwa mtu mbaya, na atakayekuambia vinginevyo hamjui. Ila mambo ya mawifi, jamani! Mawifi wakitiliana kinyongo, hata dini hukaa pembeni ikisubiri.

Wifi mwenyewe alikuwa Malinda, dada wa mumewe Atlee. Kwenye harusi ya bintiye Saloma, mbele ya wapishi wote, Malinda alionja mchuzi wa kuku alioupika Saloma, akakunja uso, akauliza, "Kwani chumvi imepanda bei?" Wanawake wakacheka mpaka wakashika meza. Saloma naye akacheka, lakini neno lile akaliweka moyoni.

Sasa huyu Malinda alifanya kazi duka la vitambaa kule bondeni, na kila siku aliteremka kilima kwa baiskeli yake ya betri, magari ya watalii, wanaokuja kututazama sisi tusioendesha magari, yakimpita ubavuni. Akanunua helmeti. Akaishonea kitambaa cheusi ili isimetemete, na ndani akaacha nafasi ya kofia yake nyeupe ya sala, ile wanayovaa wanawake wetu kila siku. Maneno yakaanza. Wengine wakasema ni mambo ya dunia, wengine wakasema ni kutomwamini Mungu. Malinda akawajibu, "Mungu aliyenipa kichwa ndiye aliyenipa akili ya kukifunika. Ninyi mlipewa kipi kati ya hivyo?"

Jambo la kuiruhusu helmeti au kuikataa likafikishwa kwenye baraza la kanisa, lile la kabla ya Meza ya Bwana. Mambo yetu hayapiti ila wote wawe na nia moja. Shemasi Roman alipita kwenye mabenchi ya wanawake, akiinama kwa kila mmoja, na kila mmoja akimnong'oneza neno lake sikioni. Saloma alikuja amekwisha kuamua kukubali. Si yeye aliyemwambia Atlee asubuhi ile kwamba helmeti ina maana, barabara yenyewe ilivyo? Lakini Roman alipoinama, Saloma akamwona Malinda benchi la mbele, shingo juu, kama mtu aliyekwisha kushinda. Mchuzi ule wa harusi ukamrudi kooni.

"Sikubali," akanong'ona.

Askofu akatangaza kwamba yupo mmoja aliyekataa, na kwamba kanisa halitagawanyika kwa ajili ya kofia ya baiskeli, basi jambo hilo liachwe. Macho yote yakamwendea bibi Ida, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kukubali kitu kipya. Na Saloma, bila haya, akamtazama bibi Ida pamoja na wenzake.

Malinda alinuna, lakini alitii. Miezi michache baadaye baiskeli iliteleza kwenye kokoto za kona, akaangukia kichwa.

Alirudi kutoka hospitali anatembea, anacheka, anamenya matufaa vizuri tu. Ya zamani alikuwa nayo yote. Mapya ndiyo hayakukaa. Alichoambiwa asubuhi hakikufika mchana; yaliyorudiwa kila siku tu ndiyo yaliyomwingia kidogo kidogo. Saloma alimfulia, akamwokea mikate, akamlimia bustani, na watu wakamsifu. Kila sifa ilimchoma. Usingizi ulimhama.

Baraza jingine lilipokaribia, Roman alifika kununua mayai. Alilipa, halafu hakuondoka.

"Saloma, wiki ijayo nitakuuliza kama una amani na jirani zako."

"Najua."

"Sikio lililosikia neno lile ni langu. Mimi siwezi kulisema. Wewe unaweza."

Basi Saloma akaenda. Akamkuta Malinda dirishani na beseni la matufaa, akapiga magoti palepale na kumwambia yote: mchuzi, shingo, neno lile. Malinda akamshika mashavu kwa mikono yenye maji ya matufaa. "Wifi mjinga wewe! Kwa chumvi tu? Nimekusamehe. Inuka, utachafua gauni." Saloma akarudi nyumbani mwepesi, akala, akalala kama mtoto.

Siku ya pili yake akaenda tena, na keki ya shukrani.

"Afadhali umekuja," Malinda akasema. "Nimekaa nawaza. Hivi ni nani yule aliyenikatalia helmeti yangu? Wanasema Ida. Mimi siamini."

Saloma akaiweka keki mezani. Angeweza kunyamaza, msamaha si alikwisha kupewa? Lakini msamaha gani huo, ambao aliyeutoa hana habari nao? Akaketi, akamwambia tena, neno kwa neno.

Safari hii Malinda hakumshika mashavu. Alimtazama, akajigusa kovu chini ya kofia nyeupe.

"Nikiingia jikoni nasahau nimefuata nini," akasema. "Mume wangu Delbert ananiandalia nguo kama mtoto. Na ni wewe? Wewe, unayenifulia? Toka, Saloma. Sikusamehe. Toka nyumbani kwangu!"

Saloma akatoka. Delbert alikuwa barazani anavua buti, na alikuwa amesikia yote. Hakugombana. Huenda ingekuwa afadhali kama angegombana.

"Amekataa," Saloma akasema.

"Ngoja kidogo tu," Delbert akajibu kwa upole, kama anayemwambia mgeni habari za mvua. "Atasahau."

Hapo ndipo Saloma alipoketi kwenye ngazi na kulia kwa sauti, mtu mzima, aproni usoni. Kwa sababu jana alisamehewa na leo amefukuzwa, na yote mawili yalikuwa halali yake, na hakuna litakaloishi mpaka jioni.

Dirisha likafunguliwa juu yake.

"Delbert!" Malinda akaita, sauti imejaa huruma. "Ni nani huyo anayelia hapo nje? Masikini ya Mungu. Mwambie aingie."