Bunduki Isiyotaka Mafuta

Bunduki ilibweka. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeizoea sauti yake, ile puf ya kifuani kama mtu anayetua mzigo, lakini Jumamosi ile ilitoa mlio mkavu uliogonga ukuta wa jirani na kurudi, na mdomoni mwa mtutu pakatoka moshi. Ulikuwa moshi mwembamba wenye harufu ya kikaango kilichosahauliwa jikoni. Nilikuwa bado nautazama unavyopanda niliposikia sauti ya Dada nyuma yangu, tena sauti ya kawaida kabisa: "We, umenipiga."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, beseni la nguo ubavuni, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Kisha beseni likaanguka, na Mama akaanza kupiga yowe kabla mimi sijaelewa lolote.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Nyumbani waliniita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, maana sikukaa mahali pamoja. Nilikula nimesimama, nilifanya hesabu huku nikizunguka meza, na chombo chochote cha kuvunjika kikiingia mikononi mwangu, kilikuwa kimeshaaga dunia. Mama alinipa chai kwenye kikombe cha plastiki hata mbele ya wageni. Hawakunifanyia ubaya, walinicheka tu, nami nilicheka pamoja nao. Lakini kiliniuma, kicheko kile. Nilitamani siku moja mtu anikabidhi kitu bila kusema, "Taratibu!"

Aliyenikabidhi alikuwa Mjomba. Alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, na kazi yake kubwa ilikuwa kupigana na panya kwa bunduki ya upepo. Alipopewa mpya kazini, ile kuukuu akaniletea mimi. Hakumpa Dada, aliyekuwa na miaka kumi na saba na akili zilizotulia.

"Kaka, umerukwa na akili?" Mama alimwuliza. "Kikombe cha udongo hatumpi, wewe unampa bunduki?"

"Hii haipigi mpaka mtu atulie," Mjomba alisema. "Mwache imfundishe."

Alinifundisha kwa siku mbili uani. Huelekezi kwa kitu chenye uhai. Ukiukunja mtutu kuikoki, huuachii mpaka umalize kuweka risasi, maana ukikuponyoka utaviaga vidole. Hufyatui tupu, pistoni itajigonga hadi ife. Huilazi ikiwa imekokiwa, springi itachoka. Ukimaliza unafuta chuma chote kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho la vidole huzaa kutu. Na la mwisho alilisema akinionyesha kitundu kidogo nyuma ya mtutu, pale hewa inapopita: mafuta ni tone moja kwa mwezi, kwenye bawaba, basi.

"Humu ndani usitie kitu. Hewa ikibanwa ghafla inakuwa ya moto. Ikikuta mafuta, yanalipuka, na risasi inaondoka na nguvu ambazo hukuziomba. Umesikia?"

Nilisikia. Baba hakusikia, kwa kuwa alikuwa chumba cha mbele na wateja wake. Baba alikuwa fundi wa cherehani, na kwake hakukuwa na ugonjwa wa mashine usioanza na kiu. Mteja angeingia analalamika kwamba uzi unakatika, na kabla hajamaliza sentensi Baba angekuwa ameshika kopo lake la mafuta, lile lenye mdomo mrefu. Alitia mafuta bawaba za milango, makufuli, baisikeli, mkasi wa Mama. Wageni walikuwa wakitushtukiza sebuleni, kwani nyumba nzima haikuwa na mlango uliolia.

Uani tuliweka sanduku la mbao lililojaa mabaki ya vitambaa, na mbele yake nikabandika karatasi yenye duara. Mjomba alilijaribu kwa risasi kumi, zote zikanaswa humohumo. Kila nikitoka shule nilipiga tano, sizidishi. Navuta pumzi, naiachia nusu, nasubiri. Miguu yangu, ambayo haikuwahi kumtii mtu, ilisimama. Niliona raha hata naona haya kuieleza. Dada alikuwa akija kusimama mlangoni kunitania, "Jamani, njooni muone, Kiguu ameota mizizi," kisha ananyamaza mpaka nifyatue, kwa heshima. Mwezi wa tatu tangu niipate, asubuhi moja, Mama alinisogezea chai kwenye kikombe cha udongo. Hakusema kitu. Nilikinywea kwa mikono miwili, nimekaa.

Sasa ile Jumamosi. Risasi iliruka juu ya sanduku, ikagonga nguzo ya chuma ya kamba ya nguo, ikarudi upande ambao haikupaswa kurudi. Baba alimbeba Dada hadi gari la jirani, wakaondoka na Mama, mimi nikabaki uani na nguo zilizomwagika. Nilizifua upya. Nikazianika. Nikazianua zikiwa bado mbichi, nikazianika tena. Sikuweza kusimama mahali.

Mjomba alifika adhuhuri. Aliukunja mtutu, akaunusa, kisha akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka kinang'aa.

"Umetia mafuta."

"Sikutia, Mjomba. Nilitia tone la bawaba tu, tena mwezi uliopita."

"Kiguu."

"Haki ya Mungu sikutia!"

"Basi yameingia kwa miguu yake?" Alikikunja kile kitambaa, akakitia mfukoni. "Ajali ningeisamehe, mwanangu. Uongo siuwezi."

Aliondoka nayo na sikuiona tena. Mama alielezwa, na Dada aliporudi kutoka hospitali akaelezwa pia: nilikatazwa mafuta, nikatia, nikakana. Baba hakuelezwa. Walikubaliana wamfiche, kwa kuwa alinipenda mno na walihofu kwamba kusikia bintiye ni mwongo kungemwumiza zaidi. Yeye alijua tu kwamba nilikosea shabaha. Nami, nilipokwisha kuambiwa jambo moja na watu watatu ninaowapenda, nikaanza kujitilia shaka. Labda lile tone lilikuwa kubwa. Labda lilitiririka. Labda nilitia kweli, nikasahau, kama nilivyosahau vitu vingine vyote.

Jicho la Dada halikupona. Linaona mwanga na vivuli, basi. Kikombe cha plastiki kilirudi mezani mbele yangu, nami nikarudi kula nimesimama.

Niliondoka nyumbani mara tu nilipomaliza shule, na sijatulia tangu hapo. Nimekata tiketi, nimesambaza magazeti, nimeshika kamba ya wapima ardhi, nimekuwa karani wa bohari mbili. Nimehama vyumba kumi na kimoja, na katika kila kimoja nilijua siku ya kuingia kwamba nitatoka. Dada hakuacha kunipigia simu. Alianza kila mara kwa maneno yaleyale, kwa kicheko: "Mwongo wangu, hujambo?" Nilimjibu sijambo. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa na mwiba, na sote wawili tuliujua. Mara moja tu, nikiwa mtu mzima, nilimwambia, "Dada, mafuta yale sikuyatia mimi." Akasema, "Mimi nilishakubali jicho limekwenda. Wewe kubali basi na hilo." Sikulirudia.

Mama na Mjomba wametangulia. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Baba. Siku hizi hafungui mashine, mikono inamtetemeka, na Dada anaishi naye akimhudumia. Tulikaa mezani mchana sisi watatu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuangalia saa mara mbili, na mguu wangu chini ya meza ulikuwa unacheza wenyewe.

Baba alikuwa anaitazama mikono yake.

"Hii mikono," alisema, "imefanya kazi. Hakuna mashine iliyopita nyumba hii nisiihudumie. Hata ile bunduki yako, Kiguu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bunduki yangu?"

"Hukujua, eh?" Alitabasamu kwa aibu kidogo, kama mtu anayekiri kwamba aliwahi kutoa zawadi kwa siri. "Nilikusikia Alhamisi unaikunja, inakwaruza. Nikasema, huyu mtoto ana tone moja tu la mjomba wake, mjomba mwenyewe mlinzi, anajua nini? Ijumaa ukiwa shule nikaichukua. Nikaipa mafuta ya kushiba, mpaka ndani kwenye kile kitundu. Nilitaka Jumamosi uikute laini. Sikukwambia, maana ulipenda kuitunza mwenyewe."

Kijiko cha Dada kilisimama.

"Halafu kesho yake yakatokea yale," Baba akaendelea, tabasamu limemtoka. "Nimekuwa nikijiambia, angalau mashine haikuwa na kosa. Ningejilaumu sana kama ingekuwa mashine."

Dada alinigeuzia uso, ule upande unaoona. Niliona jicho lake likifanya hesabu: Ijumaa, kitundu, kitambaa kilichong'aa. Nami sitaki kujifanya mwema hapa. Nilitaka kupiga meza. Nilitaka kusema kila kitu, kwa sauti kubwa, kwa mpangilio, mpaka mzee yule aelewe ni miaka ishirini na sita ya nani aliyoitia mafuta. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Sentensi moja ingetosha, na shahidi alikuwa amekaa mbele yangu.

Baba alijaribu kuinua kikombe chake, kikagonga sahani mara tatu kabla hajakipata.

Chini ya meza, Dada aliweka mguu wake juu ya wangu, akaukandamiza, akaushikilia hapo.

"Mashine ilikuwa nzima, Baba," alisema. "Ilikuwa nzima kabisa. Huyu tu ndiye hakutulia."

Alinitazama. Alikuwa ananiomba, na machozi yalikuwa yanamtoka macho yote mawili.

"Ni kweli, Baba," nikasema. "Sikutulia."

Baba alinyoosha mkono ule unaotetemeka, akanigusa kichwani kama nilipokuwa na miaka kumi na mitatu.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Mimi nilikusamehe siku ileile."

"Ahsante, Baba," nikamwambia.