Saa Iliyochukuliwa na Nusu Kaputi

Umewahi kusalimiwa na jino lako mwenyewe? Usiku wa jana niliota gego langu la chini, upande wa kushoto, limetoka mdomoni bila kumuuliza mtu, limeketi ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, na likanipa shikamoo.

Niliitikia marahaba. Ningefanyaje? Nimemzidi umri. Magego ya namna ile huota mtoto akiwa na miaka sita, kwa hiyo yeye ana sitini na tatu na mimi sitini na tisa. Alikuwa na miguu miwili myembamba, na utosini shimo jeusi ambalo punje ya mahindi ingekaa ikajinyoosha.

"Mama," akasema Gego, "kesho ni safari ya tatu kwa daktari wa meno."

"Najua."

"Ya kwanza hukwenda. Ulisema mbuzi anazaa."

"Alikuwa anazaa."

"Mama, yule ni beberu."

Nikaanza kutafuta ndala zangu chini ya kitanda.

"Ya pili ulifika mpaka kwenye kiti, ukafungua mdomo, ukaomba kwenda msalani, ukatokea mlango wa nyuma. Binti yako alikungoja kwenye benchi mpaka wakafagia."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Daktari Mkumbo, kijana wa watu mpole, alikuwa ameniambia kwamba usaha umefika kwenye taya. Ukikaa mwezi mwingine unaweza kushuka shingoni, nikakosa pa kupitishia pumzi. Aliniuliza kama naogopa, maana zipo njia za kumtuliza mgonjwa mwenye hofu. Nikamjibu kwamba mimi nimezaa sita na kumzika mume, wanaoogopa ni watu wa mjini. Hata binti yangu Niwaeli, anayenipeleka, sijamwambia kama naogopa. Yeye anajua habari za mbuzi na za msalani tu.

"Basi vaa khanga," Gego akasema. "Njia ulizotajiwa zinakungoja. Ukazione kwa macho yako, uchague kabla hakujakucha."

Nikajifunga khanga ile ya maua ya zambarau, nikafungua mlango wa chumbani.

Nje palitakiwa kuwa na shamba langu la tangawizi. Tangawizi haipo. Vimepandwa viti vya daktari wa meno, mistari kwa mistari, vimepaliliwa vizuri, kila kimoja na taa yake imeinamisha kichwa. Mfereji wetu ule ule unaotoka kwenye ndiva, bwawa letu la pale juu, unapita katikati, unajaza vikombe vidogo vya kusukutulia. Nikapima kwa jicho: kama ekari moja na nusu.

Kwenye kiti cha kwanza amelala Kidonge, mweupe, mviringo, amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mimi," akasema bila kufumbua macho, "natakiwa... kumezwa... saa moja... kabla..."

Akakoroma.

"Ni mpole," Gego akaninong'oneza, "ila akishamezwa ndiyo basi. Huwezi kumwambia ongeza wala punguza."

Tukasogea. Mbele amesimama bwana mrefu sana, mwembamba, ameshika mpira mwembamba wa dripu unaotoka mawinguni. Akajitambulisha kuwa ni Sindano ya Mshipa. Akanishika kiwiko kwa adabu na kunigongagonga kama fundi anayetafuta bomba ukutani.

"Nikiingia, mama, utakuwa macho kidogo, utaitika ukiitwa, na hutakumbuka kitu."

"Nikiwa sikumbuki, nitajuaje kama nilikuwepo?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hutajua," akasema.

Nikauchukua mkono wangu.

Hapo nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, kicheko cha chini chini kama cha wanawake wanaochambua mboga. Nikageuka. Hakuna mtu. Ipo barakoa ndogo ya puani, ya kijivu, inaelea hewani.

"Mimi ni Gesi," ikasema. "Sikulazi, mama yangu. Nakuinua kidogo tu."

Na ikaniinua kweli. Nyayo zikaachana na udongo, shubiri moja, halafu urefu wa ngazi, halafu nikawa sawa na paa la nyumba yangu. Nikaona bati lile linalovuja, na jiwe aliloliegeshea marehemu mume wangu. Nikaona Same yote kule chini, taa zake chache, na milima ya Upare imelala kwa ubavu. Mdomo wangu ukawa mzito, moyo mwepesi. Kila neno Gego alilosema chini nalisikia, na nikiulizwa nitajibu.

"Naitwa nani?" Gesi akanijaribu.

"Gesi."

"Na wewe?"

"Nakijwa, mama yake Niwaeli."

"Umeona? Upo. Na nikiondoka naondoka moja kwa moja, dakika tano tu uko chini na akili zako. Ukitaka tusimame katikati, inua mkono wa kushoto."

Hapo nikachoka. Daktari Mkumbo naye aliniambia hivyo hivyo, dakika moja kabla sijaomba msalani.

"Wa kushoto siinui," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mama yangu alinichapa mwiko kwenye mkono huo mpaka nikasahau kama ninao. Mtu humpi kitu kwa kushoto, humsalimii kwa kushoto. Sasa nimwinulie daktari, mtu mzima na koti lake jeupe, mkono wa kushoto usoni?"

"Upande wa kulia ndiko anakosimama, mama. Ukiinua wa kulia utampiga kidevu."

"Basi nitavumilia."

Gesi akaacha kucheka. Akanishusha taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

Nilipogusa chini, palikuwa si shambani tena. Pana baridi. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa, na mbele yetu mlango mweupe, mrefu kama mlima Shengena. Nilikunja shingo kuutazama mpaka kilemba kikaanguka. Ulikuwa ukipumua. Ukivuta pumzi, khanga yangu inavutwa, ukitoa, inarudi.

"Kwa Nusu Kaputi," Gego akasema, na akavua kofia ambayo sikuwa nimeiona.

"Umekula?" mlango ukaniuliza.

"Sijala tangu jana."

"Alionja chumvi!" sauti ikasema kutoka kwenye khanga yangu.

Nikatazama. Mwiko wangu wa kupikia amechomoza kwenye pindo la khanga. Sijui aliingiaje.

"Kuonja si kula," nikasema. "Muulize mwanamke yeyote. Nilikuwa nawapikia watu makande."

"Mara ngapi?" mlango ukauliza.

"Mara tatu," Mwiko akasema. "Na ya tatu ilikuwa na maharage."

Nikamwambia Mwiko tutaonana nyumbani.

Mlango ukavuta pumzi, khanga yangu ikavutwa tena. "Mwenye kitu tumboni halazwi hapa," ukasema. "Kwa hiyo utaingia macho wazi. Hajawahi mtu kuingia humu akiwa macho. Nani atakurudisha? Kila anayeingia huja na mtu wa kumrudisha nyumbani."

Nikamtazama Gego. Gego akatazama miguu yake.

"Mama, mimi siwezi," akasema. "Mimi ndiye ninayeondoka."

Mlango ukafunguka hata hivyo.

Ndugu yangu, sikuwahi kuona chumba kama kile, na nimeshafika mpaka Moshi. Dari haionekani. Kutoka sakafuni mpaka huko juu ni rafu, na rafu zinatembea, polepole kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Juu ya rafu kuna nguo za kijani, zile za chumba cha upasuaji, zimepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Zinafika maelfu kwa maelfu. Kila moja inapanda na kushuka, inapumua. Hakuna kelele. Unasikia tu pumzi, nyingi, kama mvua inayokuja ukiwa bado ndani ya nyumba.

"Ni nini hizi?"

"Ni saa," Gego akasema. "Zile ambazo watu walilazwa wakawa hawapo. Walidhani zimepotea. Hakuna iliyopotea. Zote zinatunzwa."

Nikasoma vibandiko vinavyopita. Mzee wa nyonga, saa nne. Mtoto wa kidole tumbo, saa moja na nusu. Mwalimu mmoja wa hesabu, dakika arobaini. Halafu ikaja yangu. Nakijwa, mwaka wa themanini na tatu, mvua za masika, saa moja.

Niliijua mara moja. Niwaeli alikaa vibaya tumboni, nikapelekwa hospitali nimebebwa, wakaniwekea kitu puani, wakaniambia hesabu mpaka kumi. Nikafika nne. Nilipofumbua macho nilikuwa na mshono, na pembeni mtoto amekwisha kuvalishwa. Watano wengine niliwasikia wakilia mara ya kwanza. Wake nilisimuliwa.

Rafu ikaanza kunipita.

"Simameni!" nikapaza sauti. Hazikusimama.

"Hazisikii maneno," Gego akasema. "Unajua zinasikia nini. Na zikishapita zinarudi baada ya miaka arobaini na moja."

Nikapiga hesabu. Nitakuwa na mia moja na kumi.

Nguo yangu imefika ukingoni. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo nikiiba sukari. Kisha nikauinua mkono wa kushoto, wote, mpaka kwapa likaonekana.

Kila kitu kikasimama. Rafu zikasimama. Pumzi zile zote zikasimama katikati. Vumbi likasimama kwenye mwanga. Moyo wangu ukainua mguu na haukuuweka chini.

Sikuwa nimejua kwamba ule mkono una nguvu kiasi hicho.

Nikaifunua ile nguo, kunjo la kwanza, la pili, la tatu. Ndani mna mvua juu ya bati. Mna muuguzi aliyevaa mabuti yenye matope, na mtu anasema, "Ni msichana." Mna mimi nimelala, mdogo, shingo nyembamba, nywele zimesukwa mistari sita. Nikajionea huruma. Na halafu, katika kunjo la nne, mtoto akalia.

Nimemsikia Niwaeli akilia kwa ajili ya meno, kwa ajili ya shule, kwa ajili ya yule mwanamume wa Hedaru asiyefaa. Hiki sikuwa nimekisikia. Kilikuwa kilio cha kuita. Aliita, akangoja, akaita tena, na yule mwanamke wa mistari sita akaendelea kulala.

Kumbe koleo la daktari halikuwa linanitisha hata kidogo. Nilichokuwa nakiogopa ni kupelekwa tena mahali ambapo mwanangu ananiita nami siitiki.

"Nipo," nikamwambia yule mtoto. "Nipo, mama. Nimekuja."

Gego alikuwa amenipa mgongo ili nisimwone uso. "Ichukue saa yako," akasema. "Utunzaji umekwisha."

Nikaikunja nikaiweka kifuani. Ilikuwa na joto, kama mkate. Kilio kikaendelea ndani yake, kikawa kizito zaidi, kikakua, kikaota meno, kikapata mafua kidogo, kikawa sauti ya mwanamke wa miaka arobaini na mmoja:

"Mama! Mama, amka, kumekucha."

Nikafumbua macho. Gego yumo mdomoni mwangu, anapwita. Niwaeli amesimama mlangoni, amekwisha kuvaa sweta na viatu.

"Saa moja imeshapita," akasema. "Daktari anatutaka saa tatu."

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Kumi na mbili na dakika saba.

"Bado mapema."

"Mama, tazama simu." Saa moja na dakika saba.

Saa yangu ile naitegesha kwa taarifa ya habari kila jioni, na betri niliweka juzi. Haikuwa imesimama. Mshale wa sekunde ulikuwa unakimbia bila wasiwasi wowote, ila uko nyuma saa moja kamili. Saa moja niliyokuwa nayo mimi, na wengine hawana.

Niwaeli akanyoosha mkono airekebishe. Nikaufunika uso wa saa kwa kiganja.

"Iache."

Akanitazama. Akaweka mikono kiunoni, akapumua kama mtu aliyejiandaa.

"Haya. Leo una kisingizio gani? Niambie kabla sijafunga mlango."

"Sina," nikasema. "Naogopa, Niwaeli. Nimeogopa siku zote. Mwambie daktari nataka ile gesi, ya kubaki nasikia. Na wewe usikae nje kwenye benchi. Ingia, kaa karibu nami, uongee. Ongea chochote, mwanangu, usinyamaze. Nataka nikusikie."