Seng'enge ya Mlima Umburana

Sisi hatukuwahi kugombana na upepo. Tuliyegombana naye ni Evódio, mtoto wa baba yangu mkubwa, na ugomvi wenyewe uliletwa na seng'enge.

Wahandisi walipopanda mlima wetu wa Umburana kusimika mlingoti wa kupimia upepo, ni kaka yangu Juvêncio aliyewapandishia vyuma kwa punda. Jioni walikaa kwetu wakala maharage na unga wa muhogo, wakasema nchi hii ni kubwa mno, na kwamba upepo wa huku Bahia ya ukame, ambako serikali hukumbuka njia wakati wa kura tu, unaweza kuwasha taa hadi kwenye maghorofa ya pwani. Juvêncio alisikiliza mdomo wazi. Tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine: minara ya upepo isimame juu, mbuzi wale chini yake, na kodi ya ardhi tugawane sote, maana malisho yale ni ya wote na tangu enzi za mababu hakuna aliyewahi kuyawekea ua.

Evódio naye alikuwepo, akasikia kitu kingine. Akaenda mjini, akarudi na hati yenye mihuri inayosema mgongo wa mlima ulikuwa wa babu yake peke yake. Babu yake ndiye babu yetu, lakini muhuri haujui ukoo. Haukupita muda akawa ameuzungushia seng'enge, na humo ndani akalifungia dimbwi la mwambani, maji pekee yaliyokuwa yamebaki Novemba ile.

Mbuzi hufa vibaya kwa kiu. Walisimama kwenye waya wakinusa maji, wakajisukuma hadi nyuso zikachanika, kisha wakaanguka palepale. Asubuhi moja nilikuta tai wanamla mmoja naye bado anapumua. Nilimpiga kichwa kwa jiwe ili apumzike, na kila pigo nililitaja jina la Evódio.

Jumamosi sokoni, Juvêncio alimkuta kwenye kibanda cha pombe ya miwa.

"Fungua maji, Evódio."

"Kwani umeleta ndoo?" Evódio akawageukia wenzake. "Mwoneni bwana umeme. Anataka kuwasha nchi nzima, na mbuzi wake mwenyewe wamemshinda kunywesha."

"Nakuomba kama ndugu."

"Undugu ni kwenye msiba."

Juvêncio alimpasua mdomo kwa ngumi moja. Evódio alivunja chupa akamchana shavu kutoka sikioni hadi kidevuni, na watu walipowatenganisha, wote wawili walikuwa wanatema damu. Nilimshona kaka yangu kwa sindano ya kushonea ngozi huku akiuma mkanda.

"Jumatatu naukata ule waya," alisema alipoutoa mkanda mdomoni.

"Atakuua."

"Hatajua kama ni mimi."

Kwetu mbuzi hatuwatafuti kwa macho, vichaka vya miiba vimesongamana mno. Tunawatafuta kwa masikio. Kila kengele ya shingoni mhunzi huifua iwe na sauti yake, na mtoto wa kwetu huijua ya jirani kabla hajajua kuhesabu. Ukiisikia kichakani huna haja ya kwenda kuangalia, unajua ni mbuzi yupi na ni wa nani. Juvêncio alikuwa ameokota kengele ya Pintada, jike letu lililopotea, karibu na ule waya, ukanda wake umekatika. Tukadhani ilinasa mtini. Basi mpango wake ulikuwa atambae mchana kweupe, akiitikisa kengele ile kama mbuzi anayekula majani, hadi afike kwenye waya aukate. Evódio, aliyekuwa akishinda na gobore ng'ambo ya dimbwi, angesikia Pintada tu. Mimi ningengoja nyuma na kundi, waya ukilegea niliachie.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Niliisikia kengele ikisogea, ikitulia, ikisogea tena, hata mimi nikakaribia kuamini kwamba ni Pintada. Nikasikia uzi wa kwanza ukikatika, kisha wa pili. Kisha gobore likalia.

Mbuzi walikuwa wameshanusa maji, hawakunisubiri. Walipita kwenye lile pengo wote kwa pamoja, juu ya kaka yangu. Nilimkuta chali, tumbo limepasuliwa na vipande vya misumari vilivyotoka kwenye gobore, uso umekanyagwa kwato. Evódio alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, anashindilia baruti nyingine.

"Ulijuaje?" nilimuuliza. Sijui kwa nini ndilo neno lililonitoka.

"Pintada nilimla wiki iliyopita," alisema. "Ukanda niliukata mimi, kengele nikaitupa. Leo mbuzi niliyemla ananijia kichakani. Wewe Dina, ulitaka nifikiri nini?"

Gobore lake halikuwa tayari. Panga langu lilikuwa tayari. Pigo la kwanza lilivikata vidole vilivyoshika mtutu. La pili liliingia begani likagota kwenye mfupa, ikabidi nimkanyage kifuani ili nilichomoe panga. Alilia akimwita mama yake, mama yangu mkubwa, aliyenifundisha kukamua. Nikaliinua panga mara ya tatu, shingoni kwake, na ninasema wazi kwamba nilikuwa na furaha. Ndipo Juvêncio akaniita.

"Dina. Wamekunywa?"

Nilitupa panga nikapiga magoti. Nyuma yangu mbuzi walikuwa wanasukumana hadi ndani ya dimbwi.

"Wanakunywa," nilimwambia. "Wote. Usiongee."

"Na nguzo," alisema. "Msiache hata nguzo moja."

Alikuwa anayazuia matumbo yake kwa mikono miwili, nami nikaweka mikono yangu juu ya yake. Tulibaki hivyo mpaka mikono yake ikaacha kusukuma.

Nguzo tulizing'oa. Walikuja wanawake wa ukoo mzima na majembe, na mama mkubwa alikuwa mmoja wao, akachimba hadi viganja vikatoka damu, wala hakunitazama usoni. Mahakama iliifuta ile hati. Mimi waliniachia, Evódio yuko gerezani, anakula kwa mkono wa kushoto. Mkataba wa upepo uliandikwa kwa majina yetu sote, na sasa minara imesimama mgongo mzima wa mlima.

Wageni wanakuja kuitazama. Wananiambia tuna bahati, nchi nzima inatutegemea, na umeme wa namna hii haumdhuru mtu yeyote. Nawamiminia kahawa. Kila alichokitaka kaka yangu kimepatikana, na watu husema hakufa bure. Mimi sisemi hivyo. Ningeulizwa siku ile, ningemwachia Evódio waya wake, na dimbwi, na upepo wote wa Bahia, mbuzi wafe hadi wa mwisho, nibaki na Juvêncio.