Walinzi wa Damu

Jumanne saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya mteja, walinzi wa damu yake wakamtoka sikioni mmoja mmoja, wakakaa mezani kando ya mkasi. Walikuwa weupe, wafupi kuliko pini, na wote walikuwa wanasinzia.

Mwaka wa nne sasa alikuwa na saratani ya damu, ile ya polepole. Aliwapangusa vumbi la chaki, akawaweka kwenye kikopo cha vifungo, akafunga duka na kwenda kliniki.

Daktari aliwatazama juu ya miwani. "Mbona hampigani?"

"Tumpige nani?" mmoja alipiga miayo. "Adui kavaa sare yetu."

Daktari akayaandika hayo kwenye faili. Ilikuwepo sindano ya majaribio, alisema, ya kuwaamsha na kuwaonyesha adui. Fundi akatia saini, walinzi wakarudi sikioni.

Akawa anachomwa kila Jumatatu. Kufikia wiki ya tatu aliwasikia wakiitana majina chini ya mbavu. Uvimbe ulioletwa shingoni na ugonjwa ukanywea. Akapanda ngazi za sokoni bila kusimama. Hata hivyo, kila baada ya mishono michache alijipapasa shingo.

"Utaichubua," mumewe alisema.

"Naangalia kama wapo kazini."

Wiki ya tisa nesi alimpa karatasi. Majaribio yamefungwa.

"Kwani dawa imeshindwa?"

"Imefanya kazi vizuri sana, mama. Walichotaka kujua wamekijua."

"Na mimi?"

Nesi aliutazama mstari wa wagonjwa nyuma ya fundi. "Mmeshukuriwa kwenye ripoti."

"Kwa jina?"

"Kwa namba."

Dawa ingeanza kupatikana nchi nyingine. Huku, hakuna aliyejua lini.

Jumapili mchana walinzi walitoka tena, wakajipanga kwenye mkono wa kiti, macho makavu, viatu vina matope mekundu.

"Mama, maadui wamebaki wengi, ila tunawajua sura," mkubwa wao alisema. "Sindano ya kesho saa ngapi?"

"Saa tatu," fundi alijibu.

Wakashukuru, wakarudi ndani kwa mstari. Mumewe akashusha gazeti.

"Mbona umewadanganya?"

"Wakiogopa watalegea," alisema kwa sauti ya chini, wasisikie. "Acha niogope mimi."