Nilivyofeli Mtihani wa Mikumi

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kilosa, mwaka wa kumi na nne sasa. Walimu wenzangu huniita Profesa kwa kunikejeli, nami huitika. Wanafunzi wananiogopa kwa jambo moja: kwenye mtihani, anayeangalizia namtoa nje. Kwa hiyo niliposikia watafiti wamefika Mikumi kutafuta watoto wenye kifua kama cha binti yangu Yusrah, sikusubiri kuelezwa. Nilieleza mimi.

Yusrah ana miaka tisa na hajawahi kuamka bila kukohoa. Vile vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kwenye njia ya hewa, yeye amezaliwa navyo vimelala. Kila asubuhi namlaza mapajani, namgongagonga mgongo mpaka kifua kifunguke. Watafiti walitaka kumpitishia kibrashi puani, wachukue seli shina chache, zile zinazozaa seli nyingine, wazioteshe maabara na kujifunza namna ya kuzirekebisha. Basi. Lakini nilipoifikisha habari kwa mama mkwe wangu kule Mvumi, ilikuwa imeshanenepa njiani: mjukuu anawekewa njia mpya ya hewa, atapona kabla ya Ramadhani. Mama mkwe akachinjisha jogoo. Firigisi nikapewa mimi, nikala.

Siku ya siku, Mikumi, nesi Joyce alitueleza taratibu, kisha akatupa karatasi za maswali matano. Kumbe mzazi hasaini mpaka aonyeshe ameelewa. Mke wangu, aliyeishia darasa la saba, alipata yote. Mimi nilipata manne.

"Rudia la nne, mwalimu," nesi akasema.

Swali la nne: Je, utafiti huu utamponya mtoto wako?

Nikaandika tena: Ndiyo. Nikaongeza maelezo nyuma ya karatasi, na mchoro wenye vishale. Nesi akausoma wote, maskini, kisha akanirudishia.

"Mchoro mzuri, mwalimu. Lakini dawa yenyewe bado haijapatikana. Pengine itawafaa watakaozaliwa baadaye. Na bila saini zenu wote wawili, mtoto simpokei."

Jibu nililijua. Nililijua tangu Kilosa, tangu ile firigisi. Nilishindwa tu kuliandika, maana nikiliandika ningekuwa nimekubali kwamba mwanangu haponi, na iliniuma mno.

Yusrah, ambaye naye alikuwa ameulizwa maswali yake kwa mdomo na kuyapata, akaja kusimama kando yangu. Akakohoa kwanza, akafuta mdomo.

"Baba, andika hapana."

"Nani kakuambia?"

"Nesi. Nikamwambia sawa, wachukue tu." Akaiangalia karatasi yangu. "Wewe si utaendelea kunigonga mgongo?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Kisha nikaandika hapana. Nesi Joyce aliona wazi kwamba nimeangalizia, wala hakunitoa nje.