Lori la Mayai na Banda la Meneja

Fundi alikuwa amelala chali chini ya lori, grisi ikimdondokea shavuni, aliposikia lori la mayai likinguruma kwenye mwinuko wa getini. Injini ilipiga kelele, magurudumu hayakusema kitu. Akaacha kupaka grisi, akasikiliza. Watoto kumi wakilia pamoja, mama humjua wake, na yule aliyekuwa analia kule juu alikuwa wake kabisa. Jana tu alikuwa amemfanyia huduma: kamwaga oili ya giaboksi, kabadilisha chujio, katia oili mpya, kamfuta mpaka pua.

"Shemeji!" sauti ikaita kutoka getini. "Njoo umwone mgonjwa wako!"

Aliyeita alikuwa Kobe, dereva wa lori lile na mume wa dada yake. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimpita mtu barabarani, hata baiskeli. Kwa mbeba mayai hiyo ni sifa. Yadi ilikuwa na malori tisa. Matatu yaliletwa miezi miwili iliyopita, ya gia za kujibadilisha zenyewe, kwa kuwa yale ya zamani yalishtuka kila dereva alipoachia klachi na mayai yakawa yanafika yakiwa uji. Hili la Kobe ndilo lililotangulia kufikia siku ya kubadilishiwa oili ya giaboksi.

Fundi akapanda mwinuko huku akijifuta mikono kwenye ovaroli.

"Umemfanya nini?"

"Mimi? Mimi nimemwambia twende. Yeye ananguruma tu, kama dada yako nikichelewa kurudi."

"Dada yangu akinguruma huwa anakufuata."

"Ndiyo maana nasema huyu ni mgonjwa."

Fundi hakucheka sana. Alimwambia aache injini iwake, gia aiweke huru, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kikavu kama kisima cha mwaka wa njaa. Akapiga magoti akachungulia chini: mabomba, nati, mfuniko, vyote safi, hakuna hata tone ardhini.

"Jana ilijaa," alisema taratibu. "Nimepima mwenyewe, injini inawaka, oili ya moto, kama kitabu kinavyotaka. Ilifika alama ya juu."

"Basi imeenda wapi? Imepaa mbinguni?"

Kabla hajajibu, meneja alifika, faili kifuani. Madereva walimwita Kivuli, ingawa si mbele yake, na sababu ya jina hilo ilikuwa chini kabisa ya yadi, pale penye sakafu ya saruji na paa la mabati. Zamani malori yote yalitengenezwa pale. Alipokuja yeye, mwaka juzi, gari lake dogo jeupe likaonekana linateseka na jua, likahamishiwa bandani. Mafundi wakahamishiwa kwenye mteremko, ambako, alisema, kuna hewa nzuri.

Meneja alikitazama kijiti kama daktari anayetazama ulimi.

"Oili haipo."

"Haipo, bosi," fundi akakubali.

"Na haikumwagika."

"Haikumwagika."

"Basi imeibwa."

Akatoa fomu. Ilikuwa fomu nzuri, ya karatasi nene, na penye neno Aliyesababisha palikuwa na visanduku viwili tu, kimoja cha dereva, kimoja cha fundi.

"Ama wewe hukuitia, ama huyu ameinyonya akaiuza. Itakapofika saa sita nitatia alama kisanduku kimoja. Mwenye kisanduku ataondoka leo leo, na jina lake nitalipeleka yadi zote za mji huu. Tuone nani ataajiri mwizi."

"Na mayai, bosi?" Kobe aliuliza. "Nimebeba trei mia tisa, na jua ndilo hilo linapanda."

"Mayai hayahusiki na fomu hii," alisema meneja, akateremka kwenda ofisini, akipita kwanza bandani kulipangusa gari lake kioo.

Wakabaki wawili na lori.

"Sema ni mimi," Kobe alisema.

"Nikisema ni wewe, dada yangu atanihamia na watoto wanne. Chumba changu kina kitanda kimoja."

"Basi sema ni wewe."

"Mtanilisha?"

"Wewe? Unakula kama umeambiwa kesho ni marufuku."

"Ndiyo maana sitasema."

Walicheka, kicheko kifupi, cha watu wanaojua kwamba mmoja wao huenda asiingie tena geti lile. Fundi alikuwa na miaka kumi na mmoja pale. Aliingia akiwa mfagiaji, akajifunza spana kwa kuokota zilizoangushwa, na kila fundi aliyemcheka alikwishaondoka.

"Shemeji," alisema, "kuna jambo sijakwambia. Kitabu kinasema lita ishirini. Mimi nilitia kumi na sita, kijiti kikasema imejaa. Nne zikabaki."

"Ukazifanya nini?"

"Nikamrudishia meneja. Akanisifu. Akaniandika ubaoni: mfano wa kubana matumizi. Na lile dumu akaliweka chini ya ubao, watu walione."

Kobe alimtazama. "Ukavimba."

"Nikavimba. Moyo uliniambia, wewe, lita nne si mate. Lakini ningefanyaje, mtu hajawahi kuandikwa ubaoni ila kwa kuchelewa! Nikauambia moyo unyamaze."

"Hata hivyo, kumi na sita si sifuri. Ziko wapi?"

Swali hilo lilimkalia. Alirudi kwenye eneo lake la kazi, pale kwenye mteremko, akainama kunawa kwenye karai. Maji yalikuwa yameegemea ukingo wa chini, yakitaka kumwagika, na ukingo wa juu ulikuwa mkavu, upana wa viganja viwili. Miaka miwili alikuwa ananawa kwenye karai lile na kulilaani kwamba halijai. Safari hii hakunawa. Alichukua spana akaisimamisha upande wa chini, ikalowa mpaka shingoni. Akaisimamisha upande wa juu, ikatoka kavu. Akarudia, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. Kisha akaanza kucheka peke yake, mpaka madereva waliokuwa wanakunywa chai karibu na matairi wakaulizana kama ile grisi ilimwingia kichwani.

"Kobe!" alipaza sauti, akisahau ushemeji. "Jana nilipolihudumia, lilikuwa limeelekea wapi?"

"Chini, bandani. Si wewe uliyesema likae hivyo?"

"Na sasa?"

"Juu, getini. Una nini wewe?"

"Kijiti kiko mbele! Jana pua ilikuwa chini, oili yote ikakimbilia mbele, kijiti kikasema nimeshiba. Leo pua iko juu, oili imekimbilia nyuma, kijiti kinasema nakufa njaa. Na kwa kuwa zimepungua lita nne, pampu nayo huko ndani inafyonza upepo. Ndiyo maana linanguruma haliendi!"

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba."

"Hakuna. Yale malori ya zamani hayakujali sana mteremko, haya yanajali. Nipe sehemu tambarare nikuonyeshe."

Sehemu tambarare katika yadi nzima ilikuwa moja, na ndani yake kulikuwa na gari dogo jeupe.

Akaenda ofisini. Meneja alikuwa kwenye simu. Alimsikiliza nusu, kiganja kikiwa kimeziba simu.

"Ile sakafu ni ya gari la ofisi."

"Nusu saa tu, bosi. Ukilisogeza kidogo..."

"Utaratibu ni kuandika barua."

"Niliandika, bosi. Mwaka juzi, tulipohamishwa."

"Ikajibiwa?"

"Bado."

"Basi iko kwenye utaratibu," alisema, akamwonyesha mlango.

Ilikuwa saa nne na robo. Fundi aliwasimulia madereva neno kwa neno, na sauti ya meneja akaiigiza, puani, kiganja kikiwa sikioni. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kicheko kilipotulia, Kobe, ambaye hata kikaoni alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono, aliuliza kwa upole:

"Jamani, kile kigari kina uzito gani?"

Wote wakageuka kukitazama. Dereva mmoja mnene, aitwaye Tani, akakikadiria kwa jicho.

"Kinanizidi mimi. Lakini si sana."

Hakuna aliyetoa amri. Waliweka vikombe chini, wakateremka, wanane kwa jumla, wakakizunguka kile kigari, wakainama wakashika chini ya bodi. Fundi akahesabu. Kwa "tatu" ya kwanza kiliruka upana wa kiatu. Kwa ya pili king'ora chake kikalia, kwa sauti ya kuku aliyekanyagwa, kikalia na kikalia. Madereva wakaganda, macho yote ofisini. Meneja, simu sikioni, alinyoosha mkono akafunga dirisha ili apate kusikia vizuri.

Baada ya hapo hawakuweza kunyanyua kwa muda, kwa sababu mtu anayecheka hana mgongo. Tani alikaa chini kabisa akijipiga mapaja. Walipopata pumzi walikirusha kidogo kidogo, hatua kwa hatua, mpaka kikatoka bandani na kusimama juani karibu na ukuta, kikiwa kimenyamaza kwa kuchoka.

Ikaja zamu ya lori. Kobe alilirudisha kinyumenyume kwa uzito wake, injini ikiwaka, mguu juu ya breki, trei mia tisa mgongoni. Fundi alitembea ubavuni, kiganja kwenye bodi kama anayemsindikiza mgonjwa chooni.

"Polepole."

"Shemeji, hata nikitaka haraka siijui."

Magurudumu ya nyuma yakagusa saruji, kisha ya mbele, lori likakaa sawa. Ndani hakuna yai lililolia. Fundi akachomoa kijiti, akakiinua wote waone: oili ilikuwepo, nyekundu, safi, lakini chini mno ya alama.

"Haya, wezi wenzangu," alisema, "lile dumu la sifa liko wapi?"

Kobe alilifuata mwenyewe chini ya ubao, akalichukua bila kumwuliza mtu. Fundi akamimina lita moja, akapima. Ya pili, akapima. Ya tatu. Madereva walikuwa wamembana kama watu wanaotazama mpira. Ya nne ikaisha yote, akafuta kijiti, akakizamisha, akakitoa. Oili ilikuwa imesimama pale pale kwenye alama ya juu.

"Tia gia ya kurudi. Sasa ya mbele. Achia breki kidogo."

Lori likasogea, laini, kama mtu anayeamka usingizini kwa hiari yake. Tani akapiga kigelegele cha shangazi wa bibi harusi.

Kigelegele hicho ndicho kilichomtoa meneja. Aliliona lori bandani, akaliona gari lake juani, na kwa muda hakujua aanze na lipi. Fundi alimweleza yote kwa adabu, akaanza na kosa lake mwenyewe la lita nne. Akamwonyesha kijiti. Akampa dumu tupu. Meneja alifungua faili, akaitazama fomu upande huu na upande ule, kalamu ikazunguka juu ya visanduku bila kutua.

"Mteremko hauna kisanduku," alisema mwishowe.

"Wala banda, bosi," Kobe alisema.

Meneja aliandika pembeni, kwa herufi ndogo: sababu haikujulikana. Akafunga faili kwa nguvu. "Gari langu lirudi lilipokuwa."

Tani alipangusa jasho. "Bosi, tulilinyanyua kwa hasira. Sasa tumefurahi, nguvu zimeisha."

Kobe hakungoja zaidi. Aliingia ndani, akampungia shemeji yake, akapanda ule mwinuko kwa gia ya chini, injini ikiimba bila kupayuka. Alipovuka geti alipiga honi mara tatu, jambo ambalo kwake lilikuwa ni fujo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Sakafu ikabaki tupu, pana, na kivuli chake kizuri. Meneja akaanza kuutafuta mfukoni ufunguo wake, mfuko huu, mfuko ule, na gari lake lilikuwa limeshapata moto kiasi cha kuivisha mkate. Fundi alimtazama. Kisha akatazama juu kwenye mteremko, ambako lori la pili la gia za kujibadilisha lilikuwa linangoja huduma yake, dereva wake ameshakaa kwenye usukani, injini inawaka, hakuna aliyemwita.

Fundi akasimama katikati ya saruji, mgongo kwa meneja, akainua mikono yote miwili.

"Njoo," alisema. "Njoo, njoo. Kata kulia kidogo. Njoo tu, baba, pana nafasi. Hapo hapo. Zima."