Vidonge Havivuki Kizingiti Changu

Mama alipanua kinywa, daktari akang'oa gego, na mpaka hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza daktari alipotaja vidonge.

"Mwambie ahsante," Mama alisema, maneno yakimtoka upande mmoja kwa sababu ya ganzi. "Lakini vidonge vyake vikali havivuki kizingiti changu."

Nilitafsiri vilevile, bila kupunguza makali. Dokta Charlotte alitabasamu kama anayemsikiliza mtoto. Alisema ganzi ikiisha, maumivu yatakuja.

"Yaje. Tunajuana tangu kambi ya wakimbizi." Mama akapigapiga mkoba wake. "Nina karafuu."

Sababu hatukuisema. Kaka yangu Samsoni aliumia mgongo akibeba masanduku ghalani. Akapewa vidonge vya namna hiyohiyo, akavipenda kuliko chakula, kuliko mkewe, kuliko sisi. Sasa ameacha. Analala chumba cha nyuma, hapa kwetu mtaa wa Beechmont, Marekani, na kila asubuhi Mama humchungulia macho kabla hajamsalimia. Chupa moja tu kabatini ingetosha kumpoteza tena. Lakini aibu ya mtoto haianikwi mbele ya wageni. Mama alilelewa hivyo, akanilea hivyo.

Tulipofika nyumbani, alichemsha maji ya chumvi na karafuu.

"Mama, leo usisukutue. Daktari anataka damu igande kwanza kwenye pengo."

"Kambini mzee Zenoni aling'oa meno ya watu kwa koleo, na kila mtu alisukutua palepale hadi maji yatoke meupe. Nani alikufa?"

"Waliokufa hatukuwauliza."

Alicheka, akashika shavu, akasukutua kwa nguvu kama anayesuuza dumu. Maji yalitoka mekundu, mwishowe yakatoka meupe. Akanitazama kwa ushindi.

Ushindi huo haukudumu. Baada ya siku chache maumivu yalimpanda hadi sikioni. Hakula. Hakuimba, yeye ambaye huimba hata akiosha masufuria. Aliweka karafuu iliyopondwa juu ya pengo. Ikamtuliza kidogo, kisha maumivu yakarudi na hasira.

Samsoni alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Mama, chukua vile vidonge. Mimi nitakwenda kwa rafiki yangu Adriano, kule mji wa Columbus, mpaka upone."

"Huendi popote."

"Unateseka kwa ajili yangu."

"Nilikuzaa bila ganzi, mjinga wewe. Jino ndilo litanishinda?"

Samsoni alichukua funguo za gari. "Basi twende wote."

Dokta Charlotte alitazama pengo, akakunja uso. Donge la damu lilikuwa limeng'oka, mfupa uko wazi. Aliuliza kama mgonjwa alisukutua. Mama akaikodolea dari macho. Daktari akashika kalamu ili aandike tena vidonge vilevile, na Mama akainua mkono kumzuia.

Kabla sijasema kitu, Samsoni alisogea mbele. Kwa Kiingereza chake cha ghalani alisema, "Sababu ni mimi." Akaeleza yote: mgongo, chupa, uongo, usiku aliouza pete ya ndoa. "Mama hawezi kuviweka nyumbani kwa kuwa mimi naishi humo. Na nataka kuendelea kuishi humo."

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

Nilimtafsiria. Hakulia. Alikaa wima kwenye kile kiti kirefu, akamgeukia daktari.

"Umesikia. Sasa tafuta njia nyingine. Wewe ndiye uliyesoma."

Daktari aliweka kalamu chini. Safari hii hakutabasamu. Alisafisha pengo, akapachika ndani yake kipande kidogo chenye dawa, na harufu ikajaa chumbani. Macho ya Mama yakafunguka.

"Karafuu!"

Nikauliza. Ndiyo, daktari alisema, dawa hiyo ina mafuta ya karafuu. Kwa maumivu yatakayobaki, alimchagulia vidonge vya kawaida visivyomfanya mtu mtumwa. Na asisukutue kwa nguvu mpaka pengo lipone.

"Mwambie hilo la kusukutua nimekubali," Mama alisema. "Hilo tu."

Asubuhi iliyofuata Samsoni alitoka chumbani. Mama alikuwa amempa mgongo, anaosha sufuria, wimbo ukimtoka upande mmoja wa kinywa.

"Umeamkaje, mwanangu?" alisema, bila kugeuka.